Ardhi ikitetemeka kila siku, mlima unataka kulipuka? Maswali yenu ya mwezi huu

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zenu nyingi zimeangukia kitu kimoja, matetemeko. Sio lile moja kubwa linalopiga na kupita, naongelea yale madogo madogo, kumi leo, thelathini kesho, mpaka mtu analala amevaa nguo za kutokea na watoto kawapanga karibu na mlango. Nimezisoma zote, zingine mara mbili, na kwa kuwa jibu la mmoja linamgusa mwingine nimeamua ukurasa mzima tuuachie jambo hilo. Barua nimezifupisha tu, lugha ya mtu nimeiacha ilivyo.

"Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku upande wa Ziwa Natron. Wazee wanasimulia kwamba mwaka 2007 ardhi ilitetemeka wiki nyingi, watu wakalala nje, alafu ndo Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Watoto darasani wameniuliza, tetemeko ndo liliamsha mlima au mlima ndo ulileta tetemeko? Nimekosa jibu." (Mwalimu, Longido)

Marahaba mwalimu, na hao watoto wape pongezi zangu maana swali lao hata maprofesa walilikalia vikao.

Wazee wako hawajakosea. Tena mi mwenyewe nalikumbuka lile kubwa, nilikuwa Nairobi, tarehe 17 Julai 2007, saa kumi na moja jioni ndo imegonga na dakika chache. Nilikuwa ghorofa ya nne, kikombe cha chai mezani, nikaona chai inachora miduara midogo midogo na hakuna aliyeigusa, kamba ya pazia ikaanza kwenda na kurudi, alafu nikasikia viti vinaburuzwa ofisi ya juu yetu na miguu ya watu kwenye ngazi. Tulishuka wote. Barabarani watu walikuwa wamesimama wanaangalia majengo, kila mtu na simu mkononi na mtandao umejaa. Lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na kitovu chake kilikuwa huko kwenu, chini ya mlima Gelai, karibu kilomita 180 kutoka tulipokuwa. Sasa kama sisi tulishuka ngazi, fikiria aliyekuwa bomani pale Gelai.

Lakini kilichowashangaza wataalam sio lile la 5.9, ni kwamba kabla yake yalishatangulia mengi, na baada yake yakaendelea mengi, wiki baada ya wiki, mpaka kuingia Septemba. Tetemeko la kawaida halina tabia hiyo. Tetemeko la kawaida ni mwamba ulibanwa miaka mingi, siku moja unakatika, linapiga kubwa, alafu yanafuata madogo yanayopungua siku hadi siku kama vile ugomvi unavyopoa. Hapa kwenu hayakupoa. Yalikuja kwa mafungu, leo mengi, kesho kimya, keshokutwa mengi tena, na ukiyaweka kwenye ramani kwa tarehe zake unaona kama yanatembea.

Kwa nini yatembee? Hebu waambie watoto wamwangalie mtu anayepasua gogo. Anachomeka kabari, anapiga nyundo, kabari inaingia kidogo, gogo linalia *kwa! kwa!* pale mbele ya ncha, anapiga tena, mlio unasogea mbele zaidi. Wewe hata ukifumba macho utajua kabari imefika wapi, kwa kusikiliza mlio uko wapi. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, inafanya hivyo hivyo chini ya ardhi. Haipandi kwenye bomba lililonyooka kama michoro ya vitabuni inavyotudanganya, inajipenyeza kwenye mwamba kama ukuta mwembamba uliosimama, unene wake labda mita moja mbili, urefu wake kilomita kadhaa, na pale mbele inapopasua ndo panapolia. Kila mlio mmoja ni tetemeko dogo. Mengi huyasikii, mashine ndo zinayasikia, lakini yakiwa mengi na ya juu juu mpaka maziwa kwenye kibuyu yanacheza.

Basi chini ya ubavu wa kusini wa Gelai ndo kilichotokea. Baadaye wataalam walilinganisha picha za satelaiti za rada, zilizopigwa kabla na zilizopigwa baada, wakaona ardhi imetanuka upande huu na upande huu na katikati imezama, alama kabisa ya kwamba kabari ya magma imeingia chini, urefu wa kilomita 7 hadi 10 hivi. Na juu ya ardhi kulikuwa na nyufa za kushika kwa mkono, wazee wako wanaweza kuwaonesha watoto zilipopita. Lakini mwalimu, magma yenyewe Gelai haikutoka. Hata tone. Ilikaa huko huko chini ikapoa.

Lengai nayo ikalipuka tarehe 4 Septemba, kilomita kama ishirini kutoka hapo, ikarusha majivu mpaka mwaka uliofuata. Sasa ndo tunarudi kwenye swali la watoto. Jibu langu ni kwamba tetemeko halikuamsha mlima na mlima haukuleta tetemeko, vyote viwili vilikuwa vinasukumwa na jambo moja, Bonde la Ufa linalovutwa pande mbili na magma inayotafuta nafasi. Wapo waliopiga hesabu wakaona kwamba ile kabari ya Gelai ilipoingia ilibadilisha mgandamizo chini ya Lengai, na Lengai ilikuwa imeshajaa tayari, tayari inamwaga lava, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, kileleni kabla hata ya Julai, kwa hiyo ilikuwa kama kumgusa bega mtu aliyebeba ndoo imejaa mpaka juu. Mi naliamini hilo, ila waambie watoto ni maelezo ya kitaalam yenye nguvu, sio kitu mtu alikiona kwa macho.

Na usimalize kipindi bila kuwaambia hili, kwamba lava ya Lengai haina mfano duniani kwa sasa, hakuna volkano hai nyingine inayotoa ya aina ile. Ina soda nyingi, ni ndugu kabisa wa magadi wanayotia mama zao kwenye maharage, joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 wakati lava za kawaida zinafika 1,100 na zaidi, inatoka nyeusi inateleza kama mafuta machafu ya gari, alafu ikikutana na unyevu inageuka nyeupe. Ndo maana kilele mnakiona cheupe wageni wakidhani ni theluji. Tangu 2016 Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar na wenzao wa Virginia Tech wameweka vifaa vya GPS kuuzunguka mlima, vinapima kama ardhi inavimba hata kwa milimita. Ukipata nafasi peleka watoto wakione kimoja.

"Kaka, Bukoba ilipigwa Septemba 2016, nyumba ya baba iliangushwa ukuta mmoja. Na baada ya hapo yalifuata mengine mengi. Je chini ya Ziwa Victoria kuna volkano?" (Msomaji, Bukoba)

Pole sana, na mzee mpe pole. Hapana ndugu yangu, hakuna. Lile la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, sawa kabisa na lile la Gelai, lakini tabia zake ni tofauti kama usiku na mchana. Lilipiga moja kubwa, likatokea chini sana, makumi kadhaa ya kilomita, na yaliyofuata yalikuwa wajukuu wake, yakipungua kadri siku zinavyokwenda. Ule ni mwamba uliokatika, hakuna magma hapo.

Ila nikuambie na upande wa pili maana sitaki mtu atoke hapa akisema basi yakiwa mengi ni volkano. Desemba 2009 Karonga, kaskazini ya Malawi, karibu na mpaka wetu wa Kyela, yalipiga makubwa manne ndani ya wiki mbili, 5.8, 5.9, mengine, mpaka la 6.0 tarehe 19. Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote, kitu ambacho sio kawaida, na kwa vile milima ya volkano ya Rungwe haiko mbali kuna waliosema hii lazima ni magma. Satelaiti zikaangaliwa, ikaonekana ni miamba tu iliyoteleza, karibu na uso wa ardhi. Magma haikuwepo. Kwa hiyo wingi peke yake hautoshi, hata kidogo.

"Jambo sana ndugu mwandishi. Mimi ni mama ya watoto ine, niko naishi Goma. Mwaka ya 2021 volkano ilipasuka siku ya posho (Jumamosi) mangaribi, hakuna mtu alituambia kitu, tuliona tu mbingu inakuwa nyekundu. Kisha ndio ardhi ikaanza kutetemeka sana, mchana na usiku, na serikali ikasema tukimbie. Tulitembea na miguu mpaka Sake na mtoto kwa mgongo. Lakini moto haikutoka tena. Mimi nauliza: kama mitetemeko ni alama ya volkano, juu ya nini ilikuja nyuma? Na juu ya nini haikutoka? Walitukimbiza bure?" (Mama, Goma)

Mama, pole. Barua yako nimekaa nayo siku tatu kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili makubwa kuliko yote ambayo mtu anaweza kuuliza juu ya volkano, na umeyauliza kwa sababu uliyatembea kwa miguu.

Tuanze na hilo la kuja nyuma. Nyiragongo sio kama milima mingine, pale kileleni ilikuwa na ziwa la lava, linachemka wazi, linaonekana usiku kutoka mjini kwenu, mnalijua kuliko mimi. Maana yake magma ilikuwa imeshafika juu zamani. Haikuwa na mwamba wa kupasua ili ipande, kwa hiyo hapakuwa na kabari na hapakuwa na mlio. Kilichotokea tarehe 22 Mei ni kwamba ukuta wa mlima wenyewe ulichanika, kama chungu kilichojaa uji kikapata ufa ubavuni, na kilichokuwa ndani kikamwagika. Mashine zilianza kuonesha kitu dakika kama 40 tu kabla. Dakika 40, mama, kwa mji wa watu wengi vile, ni kama hakuna. Walifariki watu zaidi ya thelathini na nyumba nyingi sana za upande wa Buhene ziliungua, lava ikasimama karibu kabisa na mji na uwanja wa ndege.

Nataka msomaji yeyote anayekaa chini ya mlima wa namna hiyo alielewe hili vizuri, kimya sio usalama. Mlima wenye mdomo wazi unaweza kumwaga bila kukutetemesha kwanza. Mwaka 1977 Nyiragongo ilifanya hivyo hivyo, tarehe 10 Januari, ziwa zima la lava liliisha kwa muda usiozidi saa moja.

Sasa yale yaliyokuja nyuma. Ukuta ulipochanika, lava ya juu ilimwagika nje, lakini magma ya chini nayo ilipata njia, na njia yenyewe ilikuwa kwenda kusini, kuelekea kwenu. Hapo ndo kabari ikaanza kazi. Watu wa Observatoire ya Goma, kituo kinachochunguza volkano, na wenzao wa nje waliyaona matetemeko yanatembea, yanatoka mlimani, yanaingia chini ya mji, yanapita chini ya Goma na Gisenyi, yanakwenda mpaka chini ya ziwa Kivu. Ukuta wa magma wa zaidi ya kilomita 20. Na haukuwa mbali chini, mama, hesabu zilizofanywa baadaye zinasema ulifika karibu nusu kilomita tu chini ya mji. Nusu kilomita ni kutoka kwako mpaka sokoni.

Rafiki yangu mmoja alinitumia picha wiki ile, barabara ya lami imepasuka katikati, kuna mama kainama kaingiza mkono kwenye ufa mpaka kiganja kimepotea, saa yake ya mkononi ndo imegusa lami. Nyuma yake duka limefungwa na juu ya mlango kuna ufa mwingine umepanda mpaka kwenye bati. Picha ile bado ninayo. Ule ufa haukufanywa na mtikisiko peke yake, ni ardhi ilikuwa inafunguka kwa sababu chini yake kuna kitu kinajipanua.

Kwa hiyo fikiria uko kwenye kiti cha mwenye kuamua. Umeambiwa magma iko chini ya mji, iko karibu, inasogea, hakuna anayeweza kukuhakikishia itasimama. Na mbele yake kuna ziwa Kivu ambalo huko chini limebeba hewa ukaa na gesi ya methani iliyoyeyuka kwenye maji, na hofu ilikuwa magma ikitokea ndani ya ziwa itakoroga vile vitu vikapanda juu. Tarehe 27 Mei wakasema watu wa kartiye (mitaa) 10 kati ya 18 watoke. Laki kadhaa za watu wakatoka, wengine Sake kama wewe, wengine Rutshuru, wengine kwa mashua mpaka Bukavu, wengine Rwanda. Najua hali ya Sake ilikuwa mbaya, maji yalikuwa shida, watu walilala makanisani na mashuleni na kwenye veranda za watu wasiowajua. Hiyo lawama ipo na ni ya haki, kuwatoa watu bila kuandaa wanakokwenda ni mateso. Lakini kuwatoa kwenyewe halikuwa jambo la bure. Ningekuwa mimi ningewatoa.

Na kwa nini haikutoka? Kwa sababu magma kutembea ni jambo moja na magma kutoka ni jambo lingine. Inasukumwa na presha kutoka chini, inapoendelea kutanda presha inapungua, inapoa pembeni, inakutana na mwamba mgumu au na sehemu ambapo haina tena nguvu ya kupanda, basi inasimama na kuganda. Mara nyingi ndo hivyo inavyoishia, sio Goma tu. Gelai nimeshasema. Kule Afar, Ethiopia, Septemba 2005 iliingia kabari ya urefu wa kilomita 60, ardhi ikatanuka mpaka mita 8 sehemu zingine, na kilichotoka juu ni kidogo tu, kwenye ufa mmoja. Na hii ya juzi juzi, mwisho wa 2024 mpaka 2025, huko huko Ethiopia, upande wa Fentale na Dofen, matetemeko yalipiga miezi, mengine yakapita 5, maelfu kwa maelfu ya watu wakahamishwa, mvuke na matope vikaruka kutoka ardhini, lava haikutoka.

Kwa hiyo chini ya nyumba yako sasa hivi kuna ukuta wa jiwe jipya, uliozaliwa mwaka 2021. Ulisimama. Uliona mwenyewe watu walianza kuruhusiwa kurudi tarehe 7 Juni, ni baada ya mashine kuonesha mitetemeko imepungua na haisogei tena. Hilo la kutosogea ndo walilokuwa wanalisubiri, sio kutotetemeka.

"Assalaam alaykum. Shangazi yangu anaishi Maore (Mayotte), anasema 2018 walitetemeshwa mwaka mzima, kisha wakaambiwa kuna mlima umeota baharini. Ni kweli au ni maneno ya watu?" (Mngazija wa Mombasa)

Waalaykum salaam. Ni kweli kabisa, na shangazi mwambie ameshuhudia kitu ambacho watu wachache sana duniani wamekishuhudia. Yalianza tarehe 10 Mei 2018, siku tano baadaye likapiga la 5.9, na watu wa Maore wakaanza kulala uwanjani na msikitini. Kisiwa chao kina volkano za zamani sana, hakuna aliyewaza magma. Kibaya zaidi mwanzoni vifaa vya kupimia vilikuwa vichache mno, kwa hiyo wataalam hawakuweza kuwaambia watu kitu cha maana, na watu walipokosa jibu wakajiundia yao, wengine majini, wengine visima vya mafuta. Simlaumu mtu aliyeogopa bila kuelezwa.

Alafu tarehe 11 Novemba kikatokea kitu cha ajabu. Mashine za kupima matetemeko sehemu nyingi za dunia, Kenya ikiwemo, mpaka New Zealand na Hawaii, zikaandika mvumo mmoja mrefu wa polepole, unapanda na kushuka kila sekunde kumi na saba hivi, dakika zaidi ya ishirini, na hakuna binadamu hata mmoja aliyeusikia. Hapa niongeze kitu ambacho sikumwambia mwalimu wa Longido. Magma ina sauti mbili. Ya kwanza ni ile ya kupasua, kavu, fupi, *kwa!* Ya pili ni ya kuvuma, ni vile kitu cha majimaji kinavyotikisika kwenye chumba chake, kama bomba la maji linavyonguruma ukutani ukifunga koki ghafla. Mtaalam akisikia ya pili anakaa wima kwenye kiti.

Mwezi Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne ikapita na vipimo vyake, wakakuta mlima mpya kabisa kwenye sakafu ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, umesimama mita 820 kutoka chini, na ramani za miaka ya nyuma zinaonesha pale palikuwa patupu. Wameupa jina Fani Maoré. Wakati magma inatoka chini kwenda huko, kisiwa chenyewe kilizama karibu sentimita 20 na kikasogea kuelekea mashariki. Ndo maana shangazi yako anaweza kuwa anaona maji ya bamvua yanafika mahali ambapo zamani hayakufika, muulize.

"Niaje. Mi ni mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Nakuru. Kuna video inazunguka inasema Rift Valley inapasuka na Longonot na Menengai zitalipuka, tumesikia mitetemo midogo mara mbili. Tuhame?" (Mwanafunzi, Nakuru)

Usihame kijana wangu, soma mitihani. Bonde linapasuka kweli, ila kwa milimita chache kwa mwaka, hata kucha zako zinakua haraka kuliko hivyo. Mitetemo miwili sio mfululizo. Na nikupe mfano wa kwenu, satelaiti zilionesha Longonot ilivimba kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na mlima Paka huko kaskazini ukavimba kama sentimita 21 kati ya 2006 na 2007, Menengai na Suswa zenyewe zilishuka kidogo mwishoni mwa miaka ya tisini. Nani aliyejua? Hakuna aliyekimbia na hakuna kilicholipuka. Ile milima inapumua, ni hai kwa namna yake, na mvuke wake ndo unaokuwashia taa kutoka mitambo ya umeme ya Olkaria.

Ule ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018 uliokata barabara ya Narok, ambao video nyingi bado zinautumia, wajiolojia walioukagua wengi walisema ni mvua kubwa ilisomba majivu laini ya volkano yaliyojaza ufa wa zamani. Ukitaka kuwa na faida kwa mtaa wako fanya hivi: daftari moja, kila ukisikia mtetemo andika tarehe, saa na dakika, ulikuwa wapi, ulikuwa umekaa au umesimama, vyombo viligongana au la. Mwalimu wa Longido naye awape watoto kazi hiyo. Wanasayansi wanayatumia maandishi ya namna hiyo, hasa sehemu ambazo mashine hazipo, na ukiandika kwa uaminifu miezi sita utakuwa unajua tabia ya ardhi ya kwenu kuliko mwenye video.

"Mimi ni mama wa Goma tena, nimesahau kuuliza. Baada ya ile volkano mbuzi wangu mbili zilikufa nyuma ya nyumba, mwilini hakuna kidonda. Jirani akasema ni mazuku. Ni kweli inatoka kwa ile magma?" (Mama, Goma)

Jirani yako kasema kweli mama, na neno hilo la kwenu, mazuku, leo wataalam wa volkano duniani kote wanaliandika hivyo hivyo kwenye vitabu vyao, halijatafsiriwa. Ni hewa ukaa inayotoka kwenye magma ya chini na kupanda kwenye nyufa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa mabondeni na mashimoni kama maji, haina rangi, mara nyingi haina harufu, na inajaa zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo wa kuitawanya. Mbuzi anainamisha kichwa kula majani, kichwa chake kiko ndani yake, wewe uliyesimama kiko juu yake, unamwona anaanguka huelewi kwa nini.

Kwa hiyo usimfuate. Ukiona mnyama amelala shimoni, au ndege au mijusi wamekufa sehemu moja, usishuke kumtoa na usimtume mtoto, mtoto ni mfupi, kichwa chake kiko karibu na pale alipo mbuzi. Hata mwenzio akianguka huko usimrukie peke yako, watu wengi wamekufa wawili wawili kwa njia hiyo, ita watu, tumieni kamba, mvuteni kutoka juu. Zungusha mawe sehemu ile, weka alama hata ya kitambaa chekundu kwenye mti, kawaambie majirani na Observatoire waje wapime. Na kitanda cha watoto kama kiko chini kwenye udongo kinyanyue, na yule mdogo uliyembeba mgongoni mpaka Sake usimlaze tena kwenye mkeka upande ule wa nyuma.